Konea haihitaji ndugu wa damu

Wengi huamini kwamba mgonjwa wa konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, lazima apandikiziwe ya ndugu yake. Sivyo. Konea yenye afya haina mishipa ya damu, na katikati unene wake ni takriban nusu milimita tu. Chembe za kinga haziifikii kwa urahisi. Ndiyo maana kwa kawaida madaktari hawalinganishi jeni za kinga ziitwazo HLA. Mwaka 1905 daktari wa macho Eduard Zirm alimpandikizia kibarua aliyeunguzwa na chokaa konea ya mvulana wasiyehusiana kwa damu, na jicho moja likaona tena!

Konea iliyokwisha kuota mishipa kutokana na makovu ni habari nyingine: hapo hatari ya mwili kuikataa ile mpya inayopandikizwa hupanda, na ndipo watafiti wanapobishana kuhusu faida ya kulinganisha.