Soma safu ya salio kabla ya kusaini mkopo

Wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, hutuuliza sana swali hili: "Nusu ya muda imepita na sijakosa hata rejesho moja, mbona deni halijafika nusu?" Mara nyingi hesabu iko sawa, ila hawakuelezwa mkopo unavyolipwa.

Tuchukue mkopo wa shilingi 6,000,000 wa kununua injini ya boti, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye salio, yaani deni lililobaki. Rejesho ni takriban 567,358 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, riba inachukua 120,000. Zinazopunguza deni ni 447,358. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 111,053 kwa sababu salio limeshuka, na wa mwisho ni kama 11,125 tu. Kiasi unacholipa ni kilekile, lakini mgawanyo wake hubadilika kila mwezi. Ndiyo maana baada ya miezi 6 bado unadaiwa kama 3,178,000. Wahasibu huita utaratibu huu amotizesheni.

Riba yote hapo ni kama 808,000.

Sasa sikilizeni hili, maana ndiko watu wanakoumia. Mkopeshaji mwingine atakwambia naye anatoza asilimia 2, lakini anaipiga kwenye 6,000,000 ileile hadi mwezi wa 12, hata pale unapodaiwa laki tano tu. Utalipa 620,000 kwa mwezi, na riba itafika 1,440,000. Ukiipima kwa salio, hiyo "asilimia 2" ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa maoni yangu, mteja asiyeambiwa hivyo hajaelezwa bei ya mkopo wake.

Kwa hiyo usiulize asilimia peke yake. Omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa, yenye safu za riba, deni la msingi (sehemu ya rejesho inayopunguza deni) na salio. Kama riba ni ileile kila mstari, umeshajua kuwa haipigwi kwenye salio. Ulizia pia ada na bima, kwani hazimo kwenye rejesho nililotaja, na uulize utapunguziwa riba kiasi gani msimu ukiwa mzuri ukataka kumaliza mapema.

Mikopo midogo inasimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Anayekukatalia ratiba hiyo, usimsainie.