Mwalimu wa Kujitolea Kutoka Ng'ambo: Mpe Kidato cha Kwanza, na Usimpe Peke Yake

Mkuu wa shule ya kata akipata mgeni wa kujitolea kutoka ng'ambo, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kumkabidhi kidato cha nne. Mgeni amezaliwa na Kiingereza, watahiniwa wanatakiwa kufaulu Kiingereza, basi mambo yanaonekana yamekutana. Nimefundisha somo hili miaka mingi katika sekondari za kandokando ya Ziwa Victoria, na sasa kazi yangu ni kuwaandaa wageni hawa pamoja na shule zinazowapokea, kuanzia Magu hadi Sengerema, Buchosa na visiwa vya Ukerewe. Ushauri wangu kwa wakuu wa shule haubadiliki: mgeni mpeni kidato cha kwanza, na darasani aingie na mwalimu wenu.

Nianze na kidato cha nne. Mtihani wa Kiingereza wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ni wa kuandika. Una namna yake ya kuuliza, na una sehemu ya fasihi inayomtaka mtahiniwa atetee hoja kwa mifano kutoka vitabu teule. Mwalimu aliyekaa na muhtasari wa somo kwa miaka anajua mahali watoto wetu wanapodondosha alama. Mgeni wa miezi mitatu hajui, na si haki kumtaka ajue. Akiondoka Aprili, mada zinabaki nusu, na mwalimu wa somo anarudi kufukuzana na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, ambalo hakulitekeleza yeye. Anayeumia ni mtahiniwa.

Sasa mtazame mtoto wa kidato cha kwanza. Amesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Januari anavaa sare mpya na kukuta Biolojia, Fizikia, Jiografia na Hisabati zote ziko kwa Kiingereza. Ipo kozi ya mwanzo ya wiki chache ya kumvusha, lakini katika shule nyingi ninazozitembelea wiki hizo zinaliwa na watoto kuripoti kwa kuchelewa, madawati kutafutwa, mwalimu mmoja wa Kiingereza kugawanywa mikondo minne. Kisha masomo yanaanza, na mtoto ambaye hajashika sentensi ya Kiingereza anatakiwa aeleze usanisinuru, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kwa lugha hiyo.

Huku kwetu kuna ngazi nyingine ambayo watu wa mjini huisahau. Mtoto wa Kwimba au Misungwi amelelewa kwa Kisukuma. Wa Ukerewe kwa Kikerewe au Kijita, wa Ukara kwa Kikara, wa Buchosa huenda ni Kizinza. Wengi Kiswahili chenyewe wamekijulia shuleni. Kiingereza ni lugha yao ya tatu, na wanaifikia kwa kupitia ya pili ambayo nayo bado wanajifunza. Mgeni lazima aelezwe jambo hili kabla hajashika chaki, maana bila hivyo atauona ukimya wa darasa akadhani ni uvivu, au uoga tu.

Katika kipindi cha kawaida, mwalimu wetu anasoma kwa Kiingereza, anafafanua kwa Kiswahili, anaandika notisi ubaoni, watoto wananakili. Simlaumu hata kidogo. Ana wanafunzi sabini na zaidi, ana vipindi mfululizo, na hao watoto wanahitaji kuelewa leo. Ila ukweli ni kwamba katika dakika 40 hizo mtoto anaweza asitamke sentensi hata moja ya kwake, na kwa kuwa mtihani hauulizi kuzungumza, hakuna anayestuka.

Hapo ndipo mgeni anapokuwa na thamani. Anawapa watoto sababu ya kweli ya kusema. Mtoto anataka kujua huko kwao wanakula nini, kama wana ziwa, mama yake anafanya kazi gani, na hawezi kuuliza kwa Kiswahili kwa sababu mgeni bado hajakijua. Nimewaona wasichana wa nyuma kabisa darasani, ambao mwaka mzima hawakunyoosha mkono, wakipanga swali watatu kwa pamoja, wakilijaribu kwa kunong'ona, kisha mmoja akasimama na kulisema. Sarufi ilikuwa imepinda, lakini swali lilieleweka na likajibiwa. Mtoto aliyefikia hapo hashikiki tena.

Lakini sababu hiyohiyo inayomfanya mgeni afae inamfanya pia apotee. Akiuliza kama wameelewa, darasa zima litaitika "Yes, madam!" kwa sauti moja, na yeye ataendelea. Mwalimu wetu akitazama nyuso zilezile anajua kwamba hakuna aliyeelewa. Ndiyo maana nasisitiza walimu wawili. Katika kipindi pacha cha dakika 80, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: mwalimu mwenyeji anafungua mada na kuhakikisha maana imeeleweka, kwa Kiswahili ikibidi. Mgeni anachukua sehemu ya katikati, ndefu zaidi, ya kusikiliza na kusema: anasoma kifungu kwa sauti, watoto wanasimuliana wawili wawili, anazunguka kati ya madawati. Mwishoni mwenyeji anarudi, wanaandika sentensi tano katika daftari, na wote wawili wanasahihisha. Andalio la somo liwe moja, limeandikwa na wote.

Usahihishaji nao unahitaji mazungumzo. Mgeni mpya husahihisha kila kosa, na mtoto akikatizwa mara tatu hasemi tena. Mwalimu mwenyeji anaweza kumwonyesha makosa yanakotoka. Mtoto akimwita dada yake "he", hajachanganyikiwa: katika Kiswahili, Kisukuma na Kikerewe, mwanamume na mwanamke hutajwa kwa kiwakilishi kimoja, na hajawahi kulazimika kuwatenganisha katika kitenzi. Akiacha "the", ni kwa sababu lugha zake hazina neno la namna hiyo. Wasemaji wengi wa Kisukuma hawatenganishi l na r, na hilo hata katika Kiswahili wanataniwa nalo. Makosa ya aina hii huondoka polepole kwa kusikia na kurudia. Wakubaliane wiki hii wanasahihisha jambo gani moja, mengine yapite.

Mgeni anafaa pia mahali ambapo wakuu wa sekondari hawapafikirii: shule ya msingi ya jirani. Katika mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024, Kiingereza kinafundishwa kama somo kuanzia darasa la kwanza. Walimu wengi wa msingi walisomea ualimu wao kwa Kiswahili, na sasa wanatakiwa kuimba, kusimulia na kuamrisha kwa Kiingereza mbele ya watoto wadogo ambao sikio lao linanasa kila kitu. Muda wa saa moja wakati wa alasiri, mara mbili kwa wiki, mgeni akikaa na walimu hao wakafanya mazoezi ya matamshi na maneno ya darasani, itazaa zaidi ya kipindi chochote atakachofundisha mwenyewe. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu mwalimu yule atabaki na watoto hao, na wadogo zao.

Wengine hunijibu kwamba zamani wageni walikabidhiwa madarasa na shule zikaenda vizuri. Ni kweli, lakini tuangalie walikujaje. VSO, shirika la Uingereza la kupeleka watu wa kujitolea, lilianza 1958, na Peace Corps, shirika la namna hiyo la Marekani, lilileta watu wake Tanganyika mwaka 1961. Mtu wa Peace Corps hutumikia miaka miwili, baada ya mafunzo ya takribani miezi mitatu yenye Kiswahili ndani yake. Huyo anaweza kushika darasa lake. Kijana aliyekuja kwa likizo ndefu ya chuo, hata awe na moyo mkubwa namna gani, hawezi kupangiwa kwa mizani ileile.

Kwa hiyo ulizeni vyeti. Kuzaliwa na lugha si kujua kuifundisha. Cheti cha CELTA cha kufundisha Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, kwa mfano, kinadai angalau saa 120 za kozi na saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitazamwa. Vipo pia vyeti vya mtandaoni vya siku mbili tatu ambavyo mwenye navyo hajawahi kusimama mbele ya mtu. Haimaanishi mkatae mwenye cheti hicho, ila mjue anahitaji kukaa nyuma ya darasa wiki mbili za mwanzo, akitazama. Na bila kuona haya, takeni cheti cha polisi cha nchi yake kinachoonyesha kwamba hana rekodi ya makosa. Mtu anakuja kukaa na watoto.

Vibali ni fupi kueleza. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufundisha, hata kama halipwi senti. Kwa kazi za muda mfupi kuna utaratibu wake, na kwa wanaokaa zaidi kuna kibali cha ukaazi daraja C, ambalo ndilo la watu wa kujitolea. Taasisi inayomleta ndiyo ishughulikie Uhamiaji na idara ya kazi, nanyi mbaki na nakala katika jalada la shule.

Kalenda ya ziwa je? Hili karatasi za mashirika hazilitaji kamwe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mbalamwezi huharibu uvuvi wake. Siku za giza wavulana wakubwa wa vijiji vya mialoni, yaani penye bandari za wavuvi, huingia darasani na usingizi, au hawaji, na wasichana hukawia kwa sababu asubuhi wanaanika dagaa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika na darasa linajaa. Bara, kwenye mashamba ya mpunga ya Magu na Misungwi, mahudhurio hupungua wakati wa kupanda na wakati wa kuamia ndege. Sikubaliani na mtoto kukoseshwa shule, na viongozi wa kijiji wana wajibu wa kulisimamia. Ila mwalimu apange kwa hali iliyopo. Mada mpya ziwekwe wiki zenye watoto, wiki za giza ziwe za marudio na kusoma hadithi. Mgeni asiyeambiwa haya hujilaumu bure, akidhani somo lake limewachosha.

Nyumba iwe karibu na familia, yenye mlango unaofungwa na choo chake. Aambiwe siku ya kwanza asiogelee wala asikanyage maji ya ufukweni: kichocho hupenya kwenye ngozi, na konokono wanaokibeba wako hapo kwenye maji ya kina kifupi penye majani. Akiwa amekwisha kuingia majini, aende kituo cha afya akapimwe, dawa yake ya praziquantel inajulikana. Chandarua ni lazima. Chakula hakina taabu, mama wa jirani ataleta michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na sato kabla hajaombwa. Afundishwe kuwaamkia wazee shikamoo, na asubuhi "mwangaluka" kwa Wasukuma. Mzee wa kijiji aliyeamkiwa vizuri huwa mlinzi wa mgeni huyo kuanzia siku hiyo.

Mambo mawili yanahitaji kuandikwa, si kusemwa tu. La kwanza ni picha. Watoto wasipigwe picha za kurushwa mitandaoni bila idhini ya wazazi na shule, hasa wakiwa na nguo zilizochanika au miguu mitupu. Nimekaa na mzazi wa Ukerewe aliyeonyeshwa picha ya mwanawe katika ukurasa wa kuchangisha fedha, na maneno chini yake yakimtaja kama yatima. Baba yuko hai, ana mtumbwi, anawalipia watoto wake wote madaftari na sare. Aibu aliyoipata mbele ya wenzake mwaloni haikustahili. La pili ni ahadi za ufadhili. Mgeni asimwahidi mtoto mmoja mmoja kumsomesha. Akitaka kusaidia, msaada upitie kwa bodi ya shule, iwe vitabu vya hadithi vya rika la watoto, kamusi, au vitanda vya bweni.

Na fimbo ataikuta. Kanuni zetu za 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne, na anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mgeni asishike fimbo kwa hali yoyote, na mkuu amhakikishie kwamba darasa lao wawili litaongozwa bila hiyo. Binafsi naamini mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kukosea hawezi kujifunza kusema lugha, maana kusema lugha ngeni ni kukosea mbele za watu kila dakika.

Shule inayotaka mgeni wa Januari ianze barua mwezi wa saba, kwa sababu vibali na vyeti vinachukua muda kuliko mnavyodhani. Barua ipitie kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Itaje mikondo ya kidato cha kwanza atakayoingia, jina la mwalimu atakayefundisha naye, mada za muhtasari kuanzia Januari hadi Aprili, siku za kukaa na walimu wa msingi, na nyumba atakayolala. Iseme wazi pia kwamba wiki mbili za mwisho mwalimu mwenyeji ataongoza vipindi vyote huku mgeni akisaidia tu, na kwamba zana zote walizotengeneza pamoja, kadi, vifungu vya kusoma, sauti zilizorekodiwa kwenye simu, zinabaki kabatini kwenye ofisi ya walimu zikiwa na orodha yake. Mgeni wa kweli hatakataa sharti hata moja kati ya haya.