Usichoulizwa usiseme? Si mbele ya Baraza la Ardhi

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, Tanga, wosia huu hauchuji: mahakamani, usichoulizwa usiseme. Kwa shahidi anayehojiwa una ukweli kiasi. Kwa anayeomba amri ya haraka ni mtego.

Chukua mpangaji aliyekatiwa umeme na mwenye nyumba. Anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mwenye nyumba wakati shauri likisubiri kusikilizwa, na mwenye nyumba hajaitwa bado. Mwenyekiti anasikia upande mmoja tu, kwa hiyo mwombaji anatakiwa kueleza hata yanayomuumiza: kodi anayodaiwa, notisi aliyopewa, shauri la awali lililokwisha kuamuliwa. Akiyafumbika, kisha yakafichuka, amri inaweza kufutwa hata kama dai lenyewe lilikuwa na mashiko. Tena maombi hayo huambatana na kiapo, na kuapa uongo kwa kujua ni jinai.

Uliyozungumza na wakili wako hubaki siri. Huko si kuficha.