Kiwango cha ushamiri wa uraibu maana yake nini?

Muulize mtu yeyote mtaani walevi na mateja wako wangapi, atakuonyesha maskani: vijana watano sita wameegemea ukuta, shingo zimelegea, wanasinzia. Hesabu yake inaishia hapo. Mama mwenye genge, ambaye asubuhi hashiki kisu cha kukatia mchicha mpaka apate kikombe cha gongo mikono iache kutetemeka, hamtaji. Anamjua kama muuza mboga tu.

Kiwango cha ushamiri kinataka wote wawili wahesabiwe. Ni sehemu ya watu wa jamii fulani walio na tatizo katika kipindi fulani. Mtaa ukiwa na watu wazima 400, na 20 kati yao wamekuwa na uraibu ndani ya miezi 12 iliyopita, ushamiri ni asilimia 5. Wanaingia waliozama miaka kumi nyuma na walionasa juzi. Wapya peke yao wana hesabu yao.

Ila kunywa si uraibu, na hapa ndipo takwimu nyingi husomwa vibaya. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataja dalili 11. Mtu anataka kuacha anashindwa. Kiasi cha jana leo hakimkolezi. Kazi na watoto vinamponyoka mkononi na bado anaendelea. Akikosa, arosto inamkunja. Dalili 2 ndani ya mwaka zinatosha kuitwa ugonjwa. Zikifika 6, ni ugonjwa mkali.

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliofanyika nchini humo mwaka 2022 kwa watu wa miaka 15 hadi 65 ulikuta mtu 1 kati ya 8 anatumia pombe, na 1 kati ya 20 ana uraibu wa pombe. Ziweke namba hizo mbili pamoja: katika kila wanywaji watano, karibu wawili ni wagonjwa. Mimi namba hiyo inaniuma kuliko zote. Duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 400 wenye matatizo ya matumizi ya pombe mwaka 2019, yaani asilimia 7 ya walio na miaka 15 na kuendelea.

Wa unga ni wagumu zaidi kuwapata. Ukibisha hodi nyumba kwa nyumba, anayejidunga humkuti. Kalala gheto, na nyumbani walishaacha kumtaja. Ndiyo maana Zanzibar na Dar es Salaam watafiti wametumia kuponi: wanaanza na wachache, kila mmoja anapewa kuponi awaletee wenzake, na hao nao wanaleta wao.

Kwa pombe, dodoso linalotumika sana ni AUDIT, lenye maswali 10. Swali la 6 linauliza ni mara ngapi umehitaji kunywa asubuhi ndipo uweze kuianza siku baada ya kulewa sana. Mama wa genge akiulizwa faragha, na mtu asiyemkunjia uso, huenda akasema kweli. Akiulizwa mumewe amekaa pembeni, atasema "hakuna kitu kama hicho," na kwenye karatasi mtaa utakuwa umepungukiwa na mgonjwa mmoja.