Je, Redio ya Ridhaa Ndiyo Inayoangusha Ndege za Rimoti? Dhana Potofu na Ukweli

Ndege ya mfano inapoacha kumtii mwenye rimoti na kujibamiza ardhini, au gari dogo la mashindano linapokata kona lenyewe na kugonga ukuta, macho ya mwenye chombo huinuka kutafuta antena. Akiiona moja ndefu juu ya paa la jirani, kesi imekwisha: aliyeharibu ni mwenye redio ya ridhaa, yaani yule mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana na wenzake bila malipo. Wakati mwingine hukumu hiyo huwa ya haki. Mara nyingi zaidi antena ile imeponzwa na urefu wake, kwa kuwa waya uliolegea ndani ya chombo hauonekani kutoka barabarani.

Dhana: Redio ya ridhaa na rimoti hutumia masafa yale yale

Jibu linategemea chombo chenyewe. Nchini Marekani ndege za mfano zilitengewa masafa ya megahezi 72, na magari na boti yakapewa megahezi 75. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya ziliweka ndege kwenye megahezi 35 na vyombo vya ardhini na majini kwenye megahezi 40. Vitu vya kuchezea vya bei nafuu vilienea zaidi kwenye megahezi 27, pamoja na 49 kwa upande wa Marekani. Bendi za ridhaa, yaani vipande vya masafa walivyotengewa wenye leseni hiyo, zilizo karibu na hapo ni ile inayoanzia megahezi 28 hadi 29.7, na ile inayoanzia megahezi 50, ambayo mwisho wake hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mtu anayezungumza kwenye megahezi 28.4 kwa hiyo hayuko kwenye chaneli ya gari la megahezi 27, kama vile kituo kimoja cha FM kisivyokuwa juu ya kingine.

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko huu ni redio za raia, zile ambazo madereva wa malori wa Marekani walizipa umaarufu. Redio hizo hutumia chaneli 40 kati ya megahezi 26.965 na 27.405, na mtumiaji wake hafanyi mtihani wowote. Masafa matano ya rimoti kwenye bendi hiyo yamepachikwa katikati ya chaneli za redio za raia, kilohezi 10 tu kutoka kila upande, na la sita, megahezi 27.255, ndiyo chaneli ya 23 ya redio hizo kabisa. Sheria ya Marekani inaziruhusu wati 4 kwa sauti ya kawaida, lakini vikuza-nguvu vya magendo vimejaa. Isitoshe, jua linapokuwa na madoa mengi, hali inayojirudia takriban kila baada ya miaka 11, mawimbi ya megahezi 27 huakisiwa na tabaka za juu za angahewa na kutua maelfu ya kilomita mbali. Gari la mtoto linaweza kutikiswa na mtu aliye katika nchi nyingine, na lawama ikamwangukia jirani ambaye siku nzima hakuwasha redio yake.

Mahali ambapo pande hizi mbili hukutana kweli ni gigahezi 2.4, ambako sehemu ya bendi ya ridhaa imo ndani ya eneo linalotumiwa na rimoti za kisasa, pamoja na megahezi 433 na gigahezi 5.8 kwa wale wanaorusha droni zinazokwenda mbali na za kamera.

Dhana: Kama hayumo kwenye masafa yangu, hawezi kunidhuru

Kosa hili hufanywa zaidi na wenye redio wenyewe, ambao huonyesha leseni na jedwali la masafa wakidhani mjadala umekwisha. Kuna njia mbili ambazo transmita, yaani mtambo wa kurusha mawimbi, hata ikiwa halali kabisa, inaweza kukifikia kipokezi kisicho chake, yaani kifaa cha kupokea mawimbi ndani ya chombo.

Ya kwanza ni hamoniki. Kila transmita, pamoja na wimbi lake kuu, hutoa mabaki dhaifu kwenye masafa yaliyo mara mbili, mara tatu, mara nne na zaidi ya yale ya msingi. Bendi ya ridhaa inayoanza megahezi 18.068 na kuishia 18.168, ikizidishwa mara nne, hutua kati ya megahezi 72.272 na 72.672, katikati ya chaneli za ndege za Marekani. Mwanzo wa bendi ya megahezi 7, ukizidishwa mara tano, huangukia megahezi 35, makao ya ndege za Ulaya. Hata hivyo mabaki hayo yana kikomo cha kisheria. Marekani inataka yawe chini ya wimbi kuu kwa angalau desibeli 43, maana yake transmita ya wati 100 isivujishe zaidi ya takriban miliwati 5 pale. Kiasi hicho hakiwezi kuishinda rimoti nzima iliyo karibu na chombo chake, ila kinaweza kuisumbua ndege iliyo mbali na mrushaji wake na karibu na antena ile.

Njia ya pili ni kulemewa kwa kipokezi, nayo ndiyo ninayoamini husababisha visa vingi vya kweli. Kipokezi hakisikii chaneli yake peke yake. Mlango wake wa mbele hupitisha mawimbi ya eneo pana, na kichujio cha ndani ndicho huchagua. Wimbi lenye nguvu mno likiingia mlangoni, hatua ya kwanza ya ukuzaji hujaa na ishara ndogo inayotakiwa huzama hata kama zinatofautiana kwa megahezi nyingi. Vipokezi vya magari ya kuchezea ndivyo dhaifu zaidi, kwa sababu vingi vilijengwa kwa saketi nyepesi isiyo na uwezo wa kuchagua. Kwa kifaa cha aina hiyo, mtu wa megahezi 28 aliye nyumba ya pili ni sawa na mtu anayepiga kelele sikioni. Transmita ya jirani inaweza kuwa safi bila doa, na dawa pekee ikawa kipokezi bora.

Dhana: Mwenye wati nyingi ndiye hushinda daima

Hesabu ndogo inatosha. Nguvu ya wimbi kwenye anga tupu hupungua kwa mraba wa umbali. Tuseme rimoti inatoa miliwati 100 na kituo cha ridhaa kinatoa wati 100, na tuchukulie hali mbaya kabisa, kwamba viko kwenye masafa yale yale. Gari likiwa mita 5 kutoka kwa mwenye rimoti na mita 500 kutoka kwenye kituo, ishara ya rimoti hufika ikiwa na nguvu mara kumi ya ile ya kituo. Gari likisogea hadi mita 50, mambo hupinduka na kituo kinakuwa na nguvu mara kumi.

Sasa tuchukue redio ndogo ya mkononi ya wati 5, iliyoshikwa na rafiki aliyesimama mita 5 kutoka kwenye ndege inayosubiri kuruka, huku mrushaji akiijaribu kutoka mita 500. Wimbi la redio ya mkononi hufika likiwa na nguvu mara 500,000 ya lile la rimoti. Redio iliyoning'inia kiunoni mwa mtazamaji inastahili kutiliwa shaka kabla ya mnara ulio mtaa wa pili.

Dhana: Gigahezi 2.4 imemaliza tatizo

Imepunguza tatizo sana, na hilo lisemwe wazi. Rimoti hizi zilipoingia sokoni katikati ya miaka ya 2000, zilileta utaratibu ambao kipokezi hufungamanishwa na rimoti moja kwa namba yake ya pekee, na mawasiliano yao huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine au kusambazwa kwenye eneo pana la masafa. Kabla ya hapo viwanja vya ndege za mfano vilikuwa na ubao wa pini, na mtu hakuruhusiwa kuwasha rimoti yake bila kushika pini ya chaneli yake, kwa kuwa mwenzake akiwasha chaneli hiyo hiyo ndege iliyo angani ilikuwa imepotea. Hata chaneli tofauti hazikuwa salama daima. Kwenye megahezi 72, rimoti mbili zilizoachana chaneli 23 zilitofautiana kwa kilohezi 460, karibu mno na kilohezi 455 ambazo vipokezi vingi vilizitumia ndani kama masafa ya kati, na mchanganyiko wao ukapenya. Adui alikuwa mwenzako wa uwanjani, naye pia alikuwa akikulaumu.

Gigahezi 2.4 ina udhaifu wake. Mwili wa mtu, miti yenye majani mabichi na nyuzi za kaboni za bawa hulizuia wimbi lake kuliko yale ya zamani, na ndani ya maji halipenyi kwa umbali wa maana, ndiyo sababu wenye nyambizi za mfano wameng'ang'ania megahezi za zamani. Bendi hiyo imejaa Wi-Fi na kamera zisizo na waya. Mwenye redio ya ridhaa ni mpangaji mmoja kati ya wengi mno humo, na kwa kawaida si yeye mwenye kelele.

Dhana: Chombo kikitetemeka, kuna mtu anarusha mawimbi

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mota yenye brashi hutoa cheche kila inapozunguka, na cheche ni transmita: ndiyo njia ambayo redio za mwanzo kabisa zilitumia. Mota isiyo na kapasita ndogo, yaani vifaa vya kumeza kelele hiyo ya umeme, zilizochomelewa kati ya vituo vyake na ganda lake hutoa kelele sentimita chache tu kutoka kwenye kipokezi. Vipande viwili vya chuma vinavyosuguana kwenye viunganishi vya usukani hufanya hivyo hivyo.

Betri nayo hudanganya sana. Kipokezi cha kisasa ni kompyuta ndogo, na servo zote, yaani mota ndogo za kusogeza usukani, zikivuta umeme kwa pamoja volti hushuka kwa muda mfupi, kompyuta hiyo hujizima na kujiwasha upya. Vipokezi vya mwanzo vya gigahezi 2.4 viliweza kuchukua sekunde kadhaa kuipata tena rimoti, na sekunde hizo zilitosha kumaliza safari. Mwenye ndege huona imepoteza mawimbi, na kweli imeyapoteza, ila aliyeyakata ni betri.

Kisha kuna antena. Ya kipokezi cha megahezi 35 ni waya wa karibu mita moja, na wengi huukata au kuuviringisha ili upendeze, wakidhani ni waya kama waya nyingine. Kwenye gigahezi 2.4 sehemu inayofanya kazi ni takriban milimita 31 tu za mwisho, na ikibanwa chini ya betri haina msaada.

Dhana: Nimenunua kihalali, kwa hiyo sheria inanilinda

Vifaa vingi visivyohitaji leseni nchini Marekani vina maandishi yanayosema kwamba ni lazima vivumilie mwingiliano wowote vinaoupata, hata ule unaovifanya viende kinyume. Mwenye leseni ya ridhaa naye hapewi ruhusa ya kuvujisha mabaki kupita kikomo. Akivuka kikomo ana kosa, na asipovuka mzigo unabaki kwa mwenye rimoti.

Dhana: Hawa ni watu wa kambi mbili

Hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Miongoni mwa waanzilishi wa ndege za rimoti walikuwamo mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, waliorusha ndege yao iitwayo Guff mwishoni mwa miaka ya 1930, na walikuwa watu wa redio ya ridhaa. Ndege hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian. Hadi leo sheria ya Marekani inamruhusu mwenye leseni ya ridhaa kuongoza chombo cha mfano kwa transmita isiyozidi wati 1, bila kutaja alama yake ya kituo hewani, mradi alama hiyo pamoja na jina na anwani yake viandikwe kwenye rimoti.

Kwa hiyo antena ya jirani ikishukiwa, njia fupi ni kubisha hodi. Gari liinuliwe magurudumu yasiguse chini, jirani abonyeze kitufe cha kurusha kwa sekunde kumi na kuachia kwa kumi, kwanza mota ikiwa imezimwa, kisha ikizunguka. Magurudumu yakicheza kila anapobonyeza na kutulia anapoachia, chanzo kimejulikana, na yeye mwenyewe huenda akawa na kichujio au ushauri wa kipokezi kinachofaa. Yakicheza mota inapozunguka tu, awe amebonyeza au ameachia, basi fungua gari na utafute kapasita.