Taya Linalouma na Usingizi Usiotosha

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, kisha fungua na ufunge kinywa taratibu. Hapo panapocheza ndipo kilipo kiungo cha taya, kimoja kila upande. Ndani yake mna kisahani cha gegedu kinachouwezesha mfupa kuteleza bila kukwaruzana. Kikitoa mlio bila maumivu na kinywa kikafunguka vizuri, kwa kawaida hakihitaji matibabu.

Wagonjwa wengi wenye maumivu ya taya hufika kwetu wakilalamikia jino, nalo jino tunalikuta zima. Tukiuliza, "Unalalaje?", ndipo habari yenyewe inapotoka: mtu anazinduka mara tatu nne kwa usiku, akiamka asubuhi taya limekakamaa hata kupanua kinywa apige mswaki ni kazi, panja zinagonga, na anayelala naye chumba kimoja anasikia meno yakisagwa. Swali hilo mimi huliuliza mapema, kabla sijashika kioo cha kuchunguzia meno.

Kwamba maumivu humkosesha mtu usingizi, kila aliyewahi kuumwa anajua. Wengi wasichojua ni kuwa usingizi mbovu nao huweza kutangulia maumivu. Asiyelala vya kutosha, ubongo wake hupungukiwa na uwezo wa kutuliza maumivu, na kitu ambacho jana kilimsumbua kidogo leo kinamtesa. Utafiti wa OPPERA uliofanyika Marekani uliwafuatilia watu ambao mwanzoni taya zao hazikuwa na tatizo. Waliokuja kuugua, usingizi wao ulikuwa umeanza kuharibika kabla ya maumivu kutokea. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba wenye dalili za kukatika pumzi usingizini walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Kusaga meno usiku kunahitaji maelezo ya pekee. Mara nyingi hutokea pale ubongo unapozinduka kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua: mapigo ya moyo huongezeka kasi, kisha misuli ya taya inakaza. Kahawa ya jioni, pombe, sigara na msongo wa mawazo huchangia, na hata baadhi ya dawa za sonona. Lakini si kila anayesaga meno huumwa taya, na si kila anayeumwa taya husaga meno. Kwa hiyo kumpa mgonjwa kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku na kumwambia aende zake hakutoshi. Kifaa hicho hulinda meno yasilike. Usingizi wake bado haujatibiwa.

Ukikoroma kwa nguvu, ukaamka kama uliyekabwa, au ukasinzia mchana hata ukiwa kazini, mweleze daktari wako wa meno. Kipo kifaa cha kinywani kinachosogeza taya la chini mbele ili njia ya hewa isizibe, na huwasaidia wengi, ila chenyewe huweza kuumiza kiungo cha taya, hasa siku za mwanzo. Mwenye taya bovu asikinunue na kujivika mwenyewe.

Nyumbani, kula vyakula laini kwa siku kadhaa, kanda mashavu kwa kitambaa chenye uvuguvugu, na uzuie miayo mikubwa kwa kuweka ngumi chini ya kidevu. Mchana, jichunguze mara kwa mara: midomo ifungwe, lakini meno yasigusane. Lala na uamke saa zilezile kila siku. Nawasihi sana msikubali haraka kuchongwa meno au kupasuliwa kwa sababu ya maumivu haya. Wengi hupata nafuu kwa njia hizi nyepesi na mazoezi ya taya, na jino likishachongwa halirudi.

Usingoje, hata hivyo, ikiwa taya limekwama wazi au limefunga, uso umevimba au una ganzi, au vidole vyako vitatu vilivyopangwa wima havipiti tena kati ya meno ya juu na ya chini.