Utando wa seli si ukuta wa seli

Nimelisikia tena, safari hii kwenye video iliyochorwa kwa ustadi kabisa: "umeme wa neva husafiri kwenye ukuta wa seli." Neva, uzi unaopitisha habari mwilini, haina ukuta wa seli. Hakuna seli hata moja ya mnyama yenye ukuta. Alichokusudia msemaji ni utando.

Maana yenyewe ni fupi. Utando ni tabaka jembamba la mafuta na protini linaloizunguka kila seli, unene wake nanomita 7 hivi. Ukuta ni ganda gumu lililo nje ya utando: kwa mimea ni la selulosi, kwa kuvu na bakteria wengi ni la vitu vingine. Mmea una vyote viwili. Mnyama ana utando tu.

Kosa hili lina ukoo. Mwaka 1665 Robert Hooke, huko London, alikata kipande chembamba cha kizibo akakitazama kwa hadubini. Kizibo ni gome la mti, na seli zake zilikuwa zimekufa kitambo. Kilichobaki ni kuta tupu, vijumba vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno lililotokana na Kilatini *cella*, chumba kidogo, na hilo ndilo seli letu la leo. Kwa hiyo jina lilizaliwa kwa mtu aliyeona kuta pasipo wenyeji, na ukishataja chumba, ukuta unakuja mdomoni bila kuitwa.

Utando nao unatokana na kutanda. Mawingu hutanda. Buibui hutanda. Maziwa yakichemshwa na kuachwa yapoe hutanda juu kile kitu chepesi ambacho ukikigusa kwa ncha ya kijiko kinajikunja, na ukiondoa kijiko kinatulia tena. Kinachotanda hufunika bila kuwa kigumu. Kwa maoni yangu neno letu linakaa vizuri kuliko hata *membrana* ya Kilatini, ambayo asili yake ni ngozi inayofunika kiungo cha mwili.

Mtu ataniambia nabishania maneno. Lakini ukuta hufanya mambo mawili tu, kusimama au kubomoka, na anayewazia ukuta hawezi kuelewa jinsi neva inavyosisimka, yaani inavyopitisha habari kwa umeme.

Mwaka 1902 mwanasayansi Mjerumani Julius Bernstein alieleza kwamba ndani ya neva iliyotulia kuna chaji hasi kuliko nje, kwa sababu utando wake huruhusu ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za potasiamu kupenya na kuzizuia ioni nyingine. Hapo alikuwa amelenga. Kisha akadhani kwamba neva ikisisimka, utando huacha kuchagua kwa kitambo kidogo, kila ioni inapita, na tofauti ya volti inashuka hadi sifuri. Yeye aliuita utando, lakini picha aliyoichora ni ya ukuta uliobomoka.

Kiangazi cha 1939, wanasayansi Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walikuwa Plymouth, Uingereza, wakifanya kazi na ngisi. Ngisi ana uzi wa neva mnene ajabu, nusu milimita hivi, unaoonekana kwa macho tu. Waliingiza kijirija chembamba cha kioo chenye elektrodi, kipitisha umeme cha kupimia volti, ndani ya uzi huo, kwa urefu wake, wakapima. Volti haikuishia sifuri. Ilivuka, na kwa muda mfupi sana ndani kukawa chanya kwa makumi ya milivolti. Kubomoka hakuwezi kuleta matokeo hayo: vitu vikichanganyika ovyo vinasawazika, havigeuki upande wa pili.

Vita vikakatiza kazi. Mwaka 1949 Hodgkin na Bernard Katz wakaonyesha kwamba ukipunguza sodiamu nje ya neva, kile kilele cha volti kinapungua. Kumbe utando hauachi kuchagua, unabadilisha chaguo: kwanza unaifungulia sodiamu iingie, kisha unaifunga na kuiachia potasiamu itoke, yote ndani ya milisekunde chache. Mwaka 1952 Hodgkin na Huxley wakayaandika hayo kwa milinganyo ya hesabu ambayo bado inatumika, na mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la 1961. Hodgkin na wenzake wawili, Baker na Shaw, waliulaza uzi wa neva ya ngisi wakaukamua kwa roli ndogo ya mpira, kama mtu anayemalizia dawa ya meno, mpaka karibu ute wote wa ndani ukatoka. Kisha wakaujaza maji yenye chumvi ya potasiamu. Ule mfuko mtupu wa utando uliendelea kupitisha misisimko, maelfu kwa maelfu.

Na wembamba wake usikudanganye. Milivolti 70 zikikaa katika unene wa nanomita 7 ni sawa na volti milioni 10 kwa mita. Hewa kavu hupasuka kwa cheche kwenye milioni 3 hivi.

Kama umezoea kusema ukuta, huna haja ya kuliacha neno. Litumie kwenye mmea. Ila hata kifauongo, ule mmea unaojikunja ukiguswa, una kuta imara kwenye kila seli, na habari ya mguso inaposafiri kwa umeme kutoka jani hadi jani, volti inayopanda na kushuka ni ile ya kwenye utando, uliojibanza ndani ya ukuta huo.